Washiriki wanayasifia mafunzo, lakini kazini hakuna kinachobadilika. Nianzie wapi?

MratibuMafunzo (mleta mada)

Salaam wakuu. Mimi ni mratibu wa mafunzo katika kampuni yenye ghala kubwa, na ninaomba mawazo ya wenye uzoefu juu ya kozi moja tu: upokeaji wa mizigo.

Lori likifika, mpokeaji anatakiwa kulinganisha oda, hati ya msafirishaji na mzigo wenyewe. Akague makasha, na kama kuna upungufu au uharibifu auandike kwenye hati ya mapokezi kabla hajasaini. Baadaye ndipo anaingiza taarifa kwenye mfumo. Hatua inayotuumiza ni hiyo ya kuandika kabla ya kusaini. Hati ikishasainiwa ikiwa safi, tukidai chochote tunaonyeshwa saini yetu wenyewe, na madai yanafia hapo.

Mafunzo tunayo. Ni ya siku mbili, ukumbini, slaidi nyingi, kazi za vikundi mwishoni. Washiriki wamechanganyika: kuna vijana wageni kabisa kazini, na kuna watu wazima walioanza kupokea mizigo enzi za daftari. Darasa huwa limechangamka. Fomu ya tathmini ya mwisho imejaa "nzuri sana", na mtihani wa kuchagua jibu karibu wote wanaufaulu. Lakini nikifungua faili la hati za mapokezi wiki chache baadaye, sehemu ya "maelezo ya tofauti" ni tupu, hata kwa mizigo ambayo tulikuja kugundua ilikuwa pungufu.

Mkuu wa idara anataka awamu ijayo mafunzo "yavutie zaidi", na nimpelekee ushahidi kwamba yanafanya kazi. Pendekezo lililoko mezani ni video fupi na mashindano ya maswali kwa simu. Sipingi video, ila sioni zitakavyogusa kile kisanduku kitupu. Watu wazima hawa mnawapangiaje mafunzo wakayashika, na mnapimaje kwa namna itakayomridhisha mtu asiyetaka maneno matupu?

KaguaKwanza

Mleta mada, kabla ya video, nenda kasimame mlangoni lori linaposhushwa. Usiende na fomu ya ukaguzi mkononi, watu watafanya kazi ya maonyesho. Nenda tu, usaidie kushika hiki na kile, na macho yawe wazi.

Kuna swali la zamani ambalo Robert Mager na Peter Pipe walilifundisha tangu 1970: mtu huyu angeweza kulifanya jambo hili kama maisha yake yangelitegemea? Akiweza, basi tatizo halitibiwi na darasa. Kuna kitu kingine kinamzuia, na hata umfundishe mwaka mzima kitaendelea kumzuia. Asipoweza, hapo ndipo mafunzo yana kazi.

Thomas Gilbert naye, mwaka 1978, aligawa sababu za utendaji kwenye pande mbili. Upande wa mazingira kuna taarifa, vitendea kazi na kinachomlipa mtu au kumgharimu. Upande wa mtu kuna maarifa, uwezo na nia yake. Ushauri wake ulikuwa kuanza na mazingira, kwa sababu huko ndiko mabadiliko ya gharama ndogo huzaa matunda makubwa. Sisi tunafanya kinyume: kila kosa likitokea tunaitisha semina.

Kwa hiyo angalia: kisanduku cha maelezo kinatosha kuandika sentensi? Kalamu ipo, au mpokeaji anaazima ya dereva? Kiongozi wa zamu anapimwa kwa usahihi wa hati au kwa haraka ya kushusha? Kama anapimwa kwa haraka, basi kila unachofundisha ukumbini kinafutwa mlangoni kabla ya saa nne asubuhi.

MratibuMafunzo

Ahsante KaguaKwanza. Nimekwenda, zamu ya asubuhi na ya mchana, na nimeona jambo ambalo limenikaa kichwani.

Kijana mmoja, mhitimu wa kozi yetu, alihesabu makasha 38. Hati ya dereva ilisema 40. Akahesabu tena, 38. Akatazama huku na huku kumtafuta kiongozi wa zamu, hakumwona. Dereva alikuwa ameshatoa kalamu, injini inanguruma, na nyuma yake lori jingine linapiga honi. Dereva akamwambia, "Wewe saini tu, hayo mawili yatamalizwa ofisini." Kijana akasaini.

Baadaye nilimwita pembeni, kwa upole, nikamuuliza utaratibu unasemaje. Alinijibu neno kwa neno: andika tofauti, onyesha idadi kwa tarakimu, saini zote mbili ziwepo, nakala moja ibaki. Anajua! Nikamuuliza, sasa ilikuwaje? Akasema, "Sikujua nimwambie nini."

Hilo halimo kwenye slaidi zetu hata moja. Na kisanduku ni kweli, upana wake ni vidole viwili.

FundiMitaala

Hapo umepata somo lako, na nikwambie ukweli, wengi hawafiki hapo. Umegundua kwamba unachofundisha (hatua za hati) watu wanakijua, na wanachokihitaji (kusimama mbele ya mtu mwenye haraka na kusema "ngoja, tuandike kwanza") hakuna aliyewahi kuwafundisha. Mimi nimekuwa nikipanga mafunzo ya watu wazima kazini kwa muda mrefu, na kama ni mimi ningefanya hivi.

Kwanza andika lengo upya. Lengo lenu la sasa, bila shaka, linasema mshiriki "ataelewa utaratibu wa kupokea mizigo". Kuelewa hakuonekani kwa macho. Mager tangu 1962 alidai lengo litaje mambo matatu: mtu atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani. La kwako lingekuwa hivi: akipewa mzigo wenye tofauti na hati, dereva akiwa anamharakisha, mpokeaji ataandika aina na idadi ya tofauti hiyo kwenye hati na kupata saini ya dereva kabla ya kuweka yake. Soma sentensi hiyo mara mbili. Zoezi limeshajitaja lenyewe, na kipimo pia.

Sasa zoezi. Weka makasha halisi kwenye meza au sakafuni, usitumie picha. Andaa hati ya dereva inayosema 40. Weka 38, na moja kati ya hayo liwe limelowa chini, mahali pasipoonekana mpaka mtu aliinue. Mtu mmoja awe dereva, umpe karatasi yenye maneno yake: "Nina kituo kingine", "Jana mwenzako alisaini bila shida", "Unanishuku mimi mwizi?" Hiyo ya mwisho usiiache, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu waungwana. Mpokeaji afanye kazi yake mwanzo mpaka mwisho, kwa kalamu, kwenye hati halisi. Wengine wawili wakae kimya wakiangalia mambo mawili tu: hati iliandikwa nini, na maneno gani yalimtuliza dereva.

Baada ya hapo usianze kuhutubia. Waulize waliokaa muda mrefu kazini: wewe huwa unamwambiaje? Utasikia sentensi ambazo hakuna mtaalamu angezitunga. Nilipoendesha zoezi la namna hii, mpokeaji mmoja wa siku nyingi alisema yeye humwambia dereva, "Nikiandika sasa, wewe umepona. Nisipoandika, watakuuliza wewe njiani yalikwenda wapi." Darasa zima liliandika maneno hayo bila kuambiwa. Yachukue, yachapishe kwenye kikadi kigumu kinachoingia mfukoni, na kikadi hicho ndicho kiwe kitini chenu badala ya lile kabrasha la slaidi.

Hiki ndicho Malcolm Knowles alichokuwa akikisisitiza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alipolisambaza wazo la andragojia, yaani namna ya kuwafundisha watu wazima: mtu mzima anakuja na uzoefu wake, anataka kujua kwanza kwa nini ajifunze jambo, anataka aheshimiwe kama mtu anayejiamulia, na anajifunza kwa tatizo lililo mbele yake na si kwa mada iliyopangwa kwenye silabasi. Knowles mwenyewe baadaye alilegeza ule mpaka kati ya watoto na watu wazima, kwa hiyo tusiufanye kuwa ukuta. Lakini kwa kozi yako wazo lake linakwambia jambo la wazi: siku ya kwanza usianze na historia ya kampuni na maana ya ghala. Anza na makasha 38.

Kuhusu mashindano ya simu. Kuulizwa swali na kulikumbuka jibu bila kuangalia ni jambo lenye nguvu kweli. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Wengine wakayasoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki 1, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo maswali yabaki, lakini yahamishe. Usiyarundike jioni ya siku ya pili, wakati kila kitu bado kibichi kichwani. Yapeleke wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita, na kila swali liwe hali: "Hati inasema mifuko 60, umepokea 60, miwili imechanika. Unaandika nini?" Aandike jibu, asichague. Na hiyo saa inayohesabu sekunde iondoe. Kazini kwenu haraka ndiyo adui, kwa nini umzawadie aliyejibu kwa pupa?

Siku mbili pia zinaweza kupungua. Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, na tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba mazoezi yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyofululizwa. Nusu siku ukumbini, kisha vipindi vya robo saa mwanzo wa zamu wiki zinazofuata, kila kimoja na mzigo wake wenye kasoro tofauti: idadi pungufu, idadi iliyozidi, bidhaa siyo, tarehe ya kuisha muda imepita.

Jambo la mwisho, maana najua litakuja: kuna mtu atakuletea ile piramidi inayodai tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na 90 ya tunachofanya. Itupe. Edgar Dale mwaka 1946 alichora mchoro wa aina za uzoefu, hakuweka asilimia hata moja. Namba ziliongezwa baadaye, na hazina utafiti nyuma yake. Vivyo hivyo kupanga watu kuwa "wa kuona" na "wa kusikia": wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia ushahidi mwaka 2008, na hawakuona msingi wa kutosha wa kufundishia hivyo. Mtu wa kupokea mizigo anahitaji kuona mzigo, kusikia dereva na kushika kalamu, vyote kwa pamoja, kwa sababu kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

MamaZamu

Mimi si mtaalamu wa mafunzo. Mimi ni kiongozi wa zamu ghalani, na nimekaa kwenye viti vya semina miaka mingi. Niwaeleze yanavyoonekana kutoka upande wa viti.

Mtu mzima akiingia ukumbini ana hofu moja kubwa, nayo ni kuaibika mbele ya wadogo zake. Ukimsimamisha asome kwa sauti, na miwani hakuja nayo, au kusoma kwenyewe kunamsumbua, hutamsikia tena siku hiyo. Atacheka na wenzake, atapiga makofi, atakujazia "nzuri sana" kwenye fomu ili mwachane kwa amani. Kwa hiyo zoezi la FundiMitaala nalipenda, ila usimwite mtu wa kwanza kwa jina lake aje mbele. Wafanye wote kwa wakati mmoja, vikundi vya watu wanne, kila kikundi na makasha yake. Aibu ikigawanywa haionekani.

Na ile fomu ya tathmini mnaileta saa kumi na moja, watu wana mabegi mgongoni. Mnataka ukweli gani saa hiyo?

Lingine. Mnatufundisha wapokeaji, viongozi wa zamu tunabaki nje. Kijana akirudi anaanza kuandika tofauti, foleni inarefuka, na kiongozi asiyejua mlichofundishana anampigia kelele "harakisha!" Siku ya pili haandiki tena. Tuiteni sisi kwanza, hata saa moja tu. Tuonyesheni mtakachofundisha, na tukubaliane mbele ya meneja kwamba lori likichelewa dakika kumi kwa sababu ya kuandika, hakuna atakayeulizwa. Mimi nikishasikia hilo kutoka kwa meneja kwa masikio yangu, kijana akiandika nitasimama nyuma yake.

MratibuMafunzo

Shikamoo mama. Umenifungua macho. Nimeomba kikao na viongozi wa zamu kabla ya kugusa ratiba, na meneja wa ghala amekubali kuwepo. Kisanduku nacho kinapanuliwa kwenye toleo jipya la hati.

MamaZamu

Marahaba mwanangu. Hakikisha hiyo ahadi ya dakika kumi inaandikwa na kubandikwa pale mlangoni.

KipimoSahihi

Naongeza upande wa tathmini, maana mleta mada aliuliza na mpaka sasa umeguswa kwa mbali.

Alichosema MamaZamu kuhusu viongozi wa zamu kina uzito kitaalamu. Baldwin na Ford mwaka 1988 walipitia tafiti za jinsi mafunzo yanavyohamia kazini, wakaweka mambo matatu mezani: mshiriki mwenyewe, namna mafunzo yalivyopangwa, na mazingira ya kazi, ambamo msaada wa msimamizi na nafasi ya kutumia ulichojifunza vina sehemu yake. Kwa hiyo kikao cha viongozi ni sehemu ya mafunzo, kiingie kwenye mpango na kwenye bajeti.

Sasa, ngazi nne za Donald Kirkpatrick, alizozitoa kwenye makala za 1959 na 1960, huenda unazifahamu: walivyopokea, walichojifunza, wanavyotenda kazini, na matokeo kwa taasisi. Kasoro iko kwenye matumizi. Watu huanza ngazi ya kwanza, wakapima kwa bidii, wakaishiwa muda na fedha kabla ya kufika ya tatu. Wewe anzia juu ushuke. Matokeo unayotaka: madai ya upungufu yanayokubaliwa. Ili hayo yatokee, tendo gani lionekane mlangoni? Tofauti imeandikwa kabla ya saini. Ili atende hivyo, aweze nini? Kuitambua na kusimama mbele ya dereva. Ukishajibu hayo, fomu ya ukumbini inabaki jambo dogo, na ndiyo stahili yake.

Kuhusu fomu hiyo, msiitupe, ibadilisheni. Alliger na wenzake mwaka 1997 walikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba kufurahia mafunzo hakuhusiani sana na kuyatumia kazini. Maoni ya mtu juu ya manufaa ya mafunzo kwa kazi yake yalikuwa na uhusiano mkubwa kidogo zaidi. Kwa hiyo ondoa "mwezeshaji alikuwaje" na "ukumbi ulikuwaje". Uliza: Dereva akikataa kusaini tofauti, utafanya nini? Ni kitu gani kazini kitakachokuzuia? Nani atakusaidia ukikwama? Majibu ya swali la pili yatakupa orodha bora ya kazi kuliko fomu zote za miaka iliyopita. Na mpe mtu asiyependa kuandika nafasi ya kumwambia mwenzake aandike.

Tena usishtuke alama za furaha zikishuka kidogo baada ya kubadilisha kozi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti wa madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi ya waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kujitahidi kunachosha, na mtu huchukulia ule uchovu kama dalili kwamba hajaelewa. Mweleze mkuu wako hili mapema, kabla fomu hazijarudi. Waeleze na washiriki, asubuhi ile ile, kwamba zoezi litakuwa gumu na ndivyo lilivyokusudiwa.

Kipimo cha tendo tayari unacho, kiko kwenye faili. Chukua hati za mapokezi za miezi michache kabla ya mafunzo. Zitafute zile ambazo baadaye ziligundulika kuwa na upungufu, hesabu ni ngapi zilikuwa na maelezo kabla ya saini. Hiyo ndiyo hali ya mwanzo. Fanya vivyo hivyo baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3. Mtu mwingine, asiyejua hati ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada, asome yale maelezo na kuamua kama yanatosha kudai: idadi ipo, aina ipo, saini ya dereva ipo. "Mzigo haujakaa vizuri" hayatoshi, hayo hayamshindi mtu yeyote kwenye madai.

Na kama zamu ni nyingi, usizifundishe zote kwa pamoja. Anza na moja au mbili, nyingine zisubiri. Zilizosubiri ndizo zitakazokwambia kama mabadiliko yametokana na mafunzo au na kile kisanduku kipya. Kisanduku kipya kianze tarehe moja kwa zamu zote, vinginevyo hutajua kipi kimefanya kazi.

MratibuMafunzo

Hili la zamu zinazosubiri nimelipenda, na linanisaidia kwa sababu siwezi kuwatoa watu wote mlangoni kwa pamoja. Swali moja la mwisho. Mkuu wa idara anataka asilimia ya faida: fedha iliyoingia dhidi ya gharama ya mafunzo. Nimpe?

KipimoSahihi

Jack Phillips aliongeza hesabu hiyo juu ya ngazi za Kirkpatrick, na kuna mahali inafaa. Kwa kozi yako ningekuwa mwangalifu. Madai yanaweza kupanda kwa sababu msafirishaji mwingine ameanza, au msimu umebadilika mizigo ikaongezeka. Ukisema kila shilingi imeletwa na mafunzo, mtu wa fedha atakuuliza swali moja, na namba yote itaanguka pamoja na imani aliyokuwa nayo kwako.

Mpelekee vitu vitatu. Idadi ya hati zenye maelezo yanayotosha, kabla na baada, kwa zamu zilizofundishwa na zilizosubiri. Thamani ya madai yaliyokubaliwa kwa kipindi hicho hicho, ukitaja wazi na mambo mengine yaliyobadilika. Na visa vichache kwa kina, kama anavyoshauri Robert Brinkerhoff: watafute waliofanikiwa zaidi na walioshindwa kabisa, ukae nao, uulize kilichowasaidia na kilichowakwamisha, kisha uthibitishe kwa hati. Mkuu anayesoma kwamba mpokeaji fulani wa zamu ya usiku alisimamisha lori, akaandika makasha 2 pungufu na 1 lililolowa, dereva akasaini, na dai likakubaliwa, na nakala ya hati imeambatishwa, ana kitu cha kushika mkononi. Na cha walioshindwa usikifiche, maana humo ndimo utakapoomba kalamu, muda, au kiongozi wa pili wa zamu.

FundiMitaala

Nakubaliana naye. Nyongeza yangu ni ya siku ya kwanza ya kozi: mpe zoezi la makasha kila mshiriki kabla hujamfundisha chochote, na uitunze ile hati aliyoiandika. Jioni arudie na mzigo wenye kasoro nyingine. Kila mmoja aziweke hati zake mbili mkono kwa mkono. Mtu mzima akiona maandishi yake ya asubuhi na ya jioni, hahitaji umwambie amefaulu. Nawe utakuwa na ushahidi wa ngazi ya pili bila kutunga mtihani hata mmoja.

Ila hati za asubuhi zisibandikwe ukutani. MamaZamu ameshatueleza kwa nini.

MratibuMafunzo

Nimezichukua zote. Tunaanza na zamu moja ya mchana, na yule kijana wa makasha 38 nimemwomba awe dereva kwenye zoezi, kwa sababu maneno ya madereva anayajua kuliko mimi. Amekubali, na ameniletea orodha ya sentensi alizowahi kuambiwa mlangoni. Nyingine ni kali kuliko zile za FundiMitaala. Nitarudi na hesabu za mwezi wa kwanza.